Mizinga Ishirini na Minne

Msitu wa Mau naujua kama jiko langu. Basi, niliingia mara moja tu, kutafuta kuni, nikapotea huku nikiuona moshi wa jiko lenyewe. Kwa hivyo habari hii si yangu. Ni ya Chepkurui, mwandishi wa kikundi cha wafugaji nyuki, ambaye alipotea kwelikweli na akatoka na akili zake zote.

Mambo yaliharibika saa tisa mchana, mvua ya mawe ilipoangusha mzigo wake. Chepkurui na mwenzake wa kikundi, Joab Ondieki, walikuwa wamekagua mzinga wa kumi na tano na sasa walitafuta wa kumi na sita. Joab ndiye aliyetumwa mwezi uliopita kuzunguka mizinga yote ishirini na minne na, akisimama chini ya kila mmoja, kuandika kwenye simu namba za mahali ulipo. Wa kumi na sita, alisema, angeufikia hata akifumbwa macho. Walikuwa wameutafuta saa nzima macho yakiwa wazi.

Mawe yakapiga mpaka mianzi ikainama. Wakakimbia. Joab akateleza kwenye gogo lenye ukungu wa kijani, akaporomoka gengeni hadi kijitoni, na jiwe likampasua mguu chini ya goti. Chepkurui akamfuata kwa matako, maana njia nyingine haikuwepo. Akamwosha kidonda, akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akamburura ng'ambo ya pili kulikokuwa na mteremko mdogo. Mvua ikapungua, ukungu ukashuka. Ulishuka kama maziwa yakimwagwa. Jua halikuonekana, na kitambaa kilikuwa chekundu tayari.

"Tunaelekea wapi, Baba Gesare?" Chepkurui akamwuliza Joab.

"Huku," akasema, akinyoosha kidole. Kisha akakigeuza. "Ama huku."

Chepkurui alijua saa moja jioni giza litaingia, na mtu anayevuja damu kwenye baridi ile huenda asifike asubuhi. Akatoa simu. Mtandao hakuna, betri asilimia kumi na moja. Akafungua ramani: karatasi nyeupe tupu, na katikati nukta ya buluu, kama kupe kwenye shuka. Kupe huyo ndio wao. Mto haukuwepo, wala barabara, wala msitu.

Lakini alikuwa na faili ya Joab. Mistari ishirini na minne ya maandishi matupu: jina la mzinga, namba, mkato, namba. Mzinga wa kwanza uko ukingoni mwa majani chai, na mingine inafuata mgongo wa kilima, mbali na magenge. Ukiiona mizinga, umeiona njia. Shida ni kwamba ramani haili maandishi matupu. Inataka kila nukta ivishwe alama zake, ifunguliwe na ifungwe, kama sufuria na kifuniko. Ukisahau kifuniko kimoja inakataa karamu nzima. Chepkurui alifundishwa hayo Bomet, siku mbili, akayaandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa nyumbani juu ya kabati.

Akajifunika kichwa na simu kwa aproni ya plastiki ya kuchumia chai, akaanza. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akavitia kinywani, akaendelea. Tone likianguka kwenye kioo linaandika lake, anafuta, anarudia. Angeweza kuandika mizinga mitano tu wakaondoka, lakini Chepkurui hajawahi kufua nusu ya shati. Akavisha yote ishirini na minne. Akahifadhi, akabadilisha mkia wa jina la faili, akafungua.

Ramani ikaruka mbali sana na kupe wao. Akasoma jina la nchi, kitu pekee ambacho ramani ile ilikihifadhi.

"Mizinga imeenda Algeria," akasema.

Joab akafikiri. "Mimi na mguu huu sifiki."

Chepkurui akacheka, na kicheko kikamfungua kichwa. Joab aliandika namba ya kusini kwanza, ile ndogo yenye alama ya kutoa. Faili ya ramani inataka ya mashariki itangulie, thelathini na tano na vipande vyake. Akarudi mstari kwa mstari, akizibadilisha viti. Betri asilimia sita. Akafungua tena, na mizinga ikajipanga kwenye karatasi nyeupe kama siafu wanaohama. Wao walikuwa kushoto kwa mstari, upande usiofaa wa kijito.

Akaihesabu. Kumi na tano, kioo kikiishia ukingoni mwa majani chai.

"Ile mingine tisa iko wapi?"

"Simu yako ni ndogo, Mama Aron."

Akamkatia mwanzi wa kuegemea, wakaondoka. Aliiwasha simu kila baada ya hatua mia mbili, anaona kupe amesogea, anaizima. Walivuka maji pale yalipofika kwenye vifundo. Mahali fulani walikuta kinyesi cha ndovu kikitoa moshi, wakasimama wakisikiliza, Joab akimshika mkono kama mtoto. Kisha Chepkurui akasikia mvumo juu ya kichwa chake. Mzinga wa kumi na tano. Akaushika mti kwa mikono miwili, akashukuru Mungu, akafuata wa kumi na nne. Tangu hapo hakuuliza mtu njia.

Walitokea kwenye majani chai kukiwa bado na mwanga kidogo, wakaingia kwa Drusilla, mwenye hoteli ya kando ya kituo cha kupokelea majani chai. Drusilla akamfunga Joab kidonda upya, akatuma mtu aite pikipiki ya kumpeleka hospitali, akawamiminia chai. Wachumaji wakawazunguka. Joab akapata nguvu.

"Isingekuwa mimi kuandika zile namba," akawaambia, "tungekufa. Mizinga ishirini na minne, nimeifikia yote kwa miguu hii. Kwenye ule wa mwisho nilitazamana macho kwa macho na ndovu."

Chepkurui alikuwa anaiwasha simu amwambie mwanawe Aron yuko hai. Betri asilimia mbili, ramani bado wazi. Alitazama, akatazama tena, kisha akaiweka mezani katikati ya vikombe. Kupe wa buluu alikuwa hapo hapo walipoketi, na mizinga tisa imemzunguka, wa kumi na sita mpaka wa ishirini na nne.

Drusilla akainama, akasoma, akainua uso.

"Hapa kwangu imetundikwa wapi, Baba Gesare?"

Joab akatazama dari.