Salamu za Spika

"Malalamiko ya Mteja Kuhusu Salamu Zisizoombwa": ndivyo dukani walivyoliita jambo la rafiki yangu Nasma wa Makorora. Ile spika janja aliyoimalizia akiba yake yote haikumtii hata akiiamuru iwashe taa. Lakini kila magharibi ilikisalimu kiti kitupu cha marehemu bibi yake: "Shikamoo, bibi."

"Dada, hiyo ni adabu, si hitilafu," muuzaji alimjibu. "Haturudishi."

Nasma akarudi nyumbani kwa hasira, akachomoa waya wa spika. "Haya, msalimie sasa, mshenzi wee!"

Magharibi ikaingia. Sebule ikawa giza, kimya kabisa. Kile kiti kikatoa mlio wa kukaliwa. Kisha sauti ya bibi ikauliza, "Mbona leo sisalimiwi?"