Ufunguo wa Cherehani ya Lusiana

Lusiana ni fundi wa kudarizi mjini Nachingwea. Cherehani yake inaongozwa na kompyuta. Mwezi ule alikuwa na kazi kubwa: nembo za sweta za shule moja ya Mtua. Akiimaliza kwa wakati, shule itampa kazi kila mwaka.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa kumechomekwa kidude kidogo, umbo lake kama flashi. Siku moja alikwenda msibani Kiegei. Huku nyuma akaja shemeji yake Rogath, naye fundi wa kudarizi, wa Ruangwa. Rogath alikuwa amenakili programu ya Lusiana, lakini kwake iligoma kufunguka. Akamwomba kaka yake Saturnini, mume wa Lusiana, amwazime kile kidude. Saturnini akakichomoa, akampa. Kwao ndugu hanyimwi kitu, na mwenye kitu akiwa mke, haulizwi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Rogath alipokuja kukirudisha, mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Kidude kilidondoka njiani, kwenye bodaboda.

"Ni kiflashi tu," Saturnini alimwambia mkewe. "Undugu ni kufaana. Tutanunua kingine."

"Nenda kanunue," Lusiana alisema. Akalia mbele yake, bila kujificha.

Walimwita Shamimu, jirani yao anayetengeneza kompyuta.

"Ile si flashi, kaka. Ni ufunguo wa leseni," alieleza. "Ndani yake mna siri ya ruhusa. Programu ikifunguka, inautafuta. Isipouona, inagoma. Programu unaweza kuinakili, siri ile huwezi. Ufunguo ukiharibika, muuzaji huweza kuubadilisha. Ukipotea, mara nyingi unanunua leseni upya."

Rogath akasema kuna vijana wanaovunja leseni. Shamimu akakataa. Huo ni wizi, alisema, na programu zilizovunjwa mara nyingi huja na virusi vinavyoharibu kazi zote.

Sweta zikapelekwa kwa fundi mwingine, Masasi. Shule haikurudi tena kwa Lusiana.

Saturnini aliuza korosho alizozitegemea kuezekea nyumba, wakanunua leseni mpya. Sasa kompyuta ina kisanduku chenye kufuli, na ufunguo wa leseni umechomekwa humo ndani. Cherehani inafanya kazi, wateja wadogo wamerudi. Nyumba inavuja.

Rogath akapiga simu, anauhitaji tena.

"Jembe nitakupa, mdogo wangu," Saturnini alimjibu. "Ufunguo ni wa mke wangu. Muulize yeye."

Rogath akakata simu. Kila Pasaka alikuwa akila kwao. Mwaka huu hakuja, na Lusiana alikuwa amempikia.