Dakika Nne Mbele ya Kioo

Kaka yangu alikuwa mpiga picha wa majengo, na kama kuna watu wanaoweza kukuchosha kwa maelezo, basi ni hao. Kupiga picha za harusi alikuwa hataki. Za watoto hataki. Alisema binadamu wanatikisika mno. Mimi aliniita Redio, kwa sababu eti tangu nijue kuongea hakuna aliyefanikiwa kunizima. Jina hilo lilikuwa lake peke yake. Hata mama hakulitumia.

Jumamosi moja alinikuta nakunja nguo. "Redio, twende ukanishikie kamera. Saa moja tu, nakurudisha."

Kazi yenyewe ilikuwa duka tupu lililotafutiwa mpangaji. Mbele lilikuwa na kioo kimoja kikubwa, kutoka sakafuni hadi darini, kinachotazama barabara. Mwenye jengo alitaka picha ya mchana inayoonyesha ndani ya duka, bila wapita njia na bila barabara kujiangalia kwenye kioo. Nikamwambia kaka basi afunge barabara na avunje kioo, tumalize. Akacheka, akafungua kitambaa na kunionyesha vioo viwili vya mviringo, vya kufungwa mbele ya lenzi.

"Filta hii inaua mng'ao," alisema. "Ukikaa pembeni ya kioo ukaizungusha taratibu, sura zote zilizo juu ya kioo zinafutika, unabaki unaona ndani. Na hii nyeusi inapunguza mwanga, kamera inaweza kukaa wazi dakika nne juani bila picha kuungua. Anayepita hapo mbele hapati muda wa kuacha alama. Kinachobaki ni kilichosimama."

"Na mtu akisimama?"

"Basi anabaki."

Akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, upande wa kushoto wa kioo, akafunga ile filta ya kwanza. Halafu akaenda kusimama upande wa kulia, karibu na meza ya muuza viatu, ili sura yake ionekane kwenye kioo nami nijaribu kuifuta. Ilikuwa saa sita na nusu. Jua lilikuwa utosini.

"Zungusha," alisema.

Mkono wangu ndio uliozungusha. Hilo nalisema mapema, maana mpaka leo linanila. Nguzo ya umeme ilififia kwenye kioo, ikaisha. Meza ya viatu ikafuata, na muuzaji wake. Kaka naye akafifia, na nyuma yake likatokea duka: vigae vyeupe, ukuta wa kijani, mlango wa stoo. Nilifurahi kama mtoto.

"Sasa rudisha."

Nikarudisha. Nguzo ikarudi. Meza ikarudi na viatu vyake vyote, muuzaji anafuta kimoja kwa kitambaa. Kaka hakurudi.

"Umesogea?" nikauliza.

"Niko hapahapa."

Nikainua macho kutoka kwenye kamera. Kweli alikuwa palepale. Ilibidi aje aangalie mwenyewe, kisha tukaenda kusimama wote wawili mbele ya kioo. Kikanionyesha mimi na kitambaa changu cha kichwa. Pembeni yangu kilionyesha lami.

"Jua limekaa vibaya," alisema. Wapiga picha wana jibu la mwanga kwa kila kitu. Lakini alirudi akaifuta lenzi mara tatu, na mara ya tatu kitambaa kilimtoka mkononi.

Mlinzi wa jengo, mzee mmoja aliyekaa mlangoni na funguo, alininong'oneza nilipopita. "Mwanangu, kazi hii si mngeiacha? Fundi rangi wa mwezi uliopita naye alisema hivyohivyo, kwamba kioo hakimwoni."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko kwake," alisema mzee. Akaangalia funguo zake. "Mkewe ndiye anayesema siye."

Nilimweleza kaka. Akaniambia nipunguze sauti ya redio. Akaifunga filta nyeusi juu ya ile ya kwanza, akaikaza kwa nguvu kuliko kawaida yake, chuma kikiwa cha moto kwa jua. Kona ya nyuma ya duka ilikuwa na giza, hivyo angefanya alivyofanya siku zote: kuingia na tochi kamera ikiwa wazi, amulike kona huku anatembea. Asiyesimama haonekani. Nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara picha ilitoka haina mtu.

Akaingia. Nikabonyeza. Saa ya kamera ikaanza kuhesabu.

Dakika ya kwanza niliona tochi ikipanda na kushuka ukutani. Dakika ya pili ilifika kwenye mlango wa stoo, ikatulia. Halafu ikazimika.

Kaka alitokea gizani akaja moja kwa moja hadi kwenye kioo. Akasimama. Nikampungia mkono kwamba atembee, anaharibu picha. Hakutembea. Aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo. Akaniangalia. Midomo yake ikafunguka, ikafanya neno moja, tena na tena. Sauti haikutoka. Sikuihitaji.

Redio. Redio. Redio.

Nikakimbilia mlangoni. Mkono ukanigusa begani.

"Twende, dada. Imetosha."

Nikageuka. Alikuwa kaka yangu, ana tochi mkononi. Mkono wa kushoto, na kaka hutumia wa kulia. Nikaangalia kioo. Duka lilikuwa tupu. Mzee mlinzi alikuwa ameangalia chini, na hakuinua uso mpaka tulipoondoka. Nyuma yangu kamera ikalia: dakika nne zimetimia.

Picha niliiangalia garini. Barabara haikuwa na mtu. Kioo hakikuwa na mng'ao. Na ndani, viganja kiooni, alisimama kaka. Aliyesimama dakika mbili tu angetoka kama moshi, yeye mwenyewe alinifundisha hivyo. Huyu alitoka wazi kabisa, hadi nyuzi za vifungo zilihesabika. Nilimtazama huyo aliyekuwa anaendesha gari. Kovu la kaka lilikuwa kwenye nyusi ya kulia tangu aanguke dirishani akiwa na miaka saba. La huyu lilikuwa kushoto.

Mama ni fundi cherehani. Tulipofika nyumbani, alipomwona tu huyo akavaa miwani. "Njoo hapa. Shati hili si nililishona mimi? Mbona linafunga kike, vifungo kushoto? Na mfuko umehamaje?" Yeye akacheka, akasema mama anazeeka. Mama naye akacheka. Nilitamani kulia pale mlangoni.

Siku ya pili walikaa barazani saa saba mchana, mama anatoboa matundu ya vifungo, yeye anamsikiliza. Nilichukua kamera. Nilitaka kwanza kuitoa ile filta nyeusi, ikakataa. Zilikuwa zimeng'ang'aniana. Nilizungushia mpira wa kufungia karatasi ili vidole visiteleze, njia ya kaka, nikapinda mpaka vidole vikauma. Basi nikaacha hivyohivyo na kuongeza uwezo wa kamera wa kunasa mwanga mpaka mwisho. Kwa jua lile, picha hafifu yenye chembechembe ilionekana. Nikamlenga. Nikazungusha pete ya filta.

Shati lake likaanza kuonyesha mbao za kiti. Kisha mikono. Kisha uso. Mama alikuwa anaongea na kiti.

Nilirudisha haraka. Alikuwa ameshasimama mbele yangu, karibu kuliko nilivyotarajia, mgongo kwa mama.

"Ukinifuta mimi," alinong'ona, "yule atarudi kupitia wapi?"

Kisha akarudi kukaa. Nami tangu saa ile nikawa mfungwa ndani ya nyumba yetu. Nimwambie nani? Mama alikuwa na mwanawe mezani, anakula vizuri, haongei sana, hachelewi kurudi. Usiku nilifunga mlango wa chumba changu kwa ufunguo na kulala nimekumbatia kamera. Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kizingiti. "Nipe nikusaidie kuzifungua hizo filta, dada," alisema kwa upole. Kila asubuhi hivyohivyo.

Nilirudi dukani kila mchana. Kwa macho, hakuna kitu. Kwa kamera, pete ikizunguka na barabara ikifutika, kaka alikuwepo kiooni, viganja juu, amekonda. Mzee mlinzi alinifungulia. Nilipapasa kioo kwa ndani, kilikuwa na baridi ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwomba kaka msamaha kwa sauti, kama kichaa. Nilipotoka nje nilimwona kwa kamera: alikuwa anatikisa kichwa.

Siku ya sita nilikuta mafundi wa vioo. Mpangaji alikuwa amepatikana na alitaka mlango wa chuma. Walishaondoa fremu upande mmoja.

"Naomba dakika nne," niliwaambia. "Nne tu."

"Dada, jua kali," alisema mkubwa wao. "Za nini?"

"Kaka yangu yumo."

Walitazamana. Mzee mlinzi akawaambia wanivumilie, wapumzike kidogo, na nadhani walikubali kwa kumwonea huruma mwendawazimu. Niliweka kamera. Kaka alikuwepo. Sikuwa na njia nyingine: kilichosimama ndicho kinachobaki, na kama kioo kilimchukua kwa kusimama, labda lenzi nayo ingemchukua. Nikamwonyesha kwa mkono: tulia. Alielewa. Alishusha viganja, akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, yeye aliyesema binadamu wanatikisika.

Nikabonyeza.

Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kati ya wapita njia nilimwona yule wa nyumbani anavuka barabara. Hakukimbia. Alikuja hadi kwenye kioo, akaegemeza bega upande usio na fremu.

Kilimwagika chote kwa mara moja. Mafundi walipiga kelele. Hakuna aliyeumia. Yeye alijikung'uta mabegani, akaniambia chakula kiko tayari nyumbani.

Picha ilitoka nyeusi. Nilikaa kando ya barabara nikalia mpaka muuza viatu akaniletea maji. Niliamini nimemuua kaka yangu mara mbili.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Mama ana furaha. Siku hizi anamshonea yule mashati yanayofunga kike bila kuuliza. Mimi nilihama, nikapanga chumba kisicho na kioo chochote. Kamera haijawahi kutoka mikononi mwangu, na filta bado zimeng'ang'aniana. Fundi mmoja alinihakikishia zimekazana kiasi kwamba hata vumbi haliwezi kupita kati yake.

Saa saba mchana, jua likizigonga, ukungu unatokea katikati ya vile vioo viwili, kama ule wa mtu anapopumulia dirisha. Unakuja, unapungua, unakuja. Na ndani ya ukungu inachoreka alama ya kidole, ndogo kama punje ya mtama, inajikokota kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Yule wa nyumbani anajua nilipo. Jioni hupitia mlangoni, haingii. Kwenye kizingiti huniachia mpira wa kufungia karatasi, ule wa kufungulia filta. Ninayo mingi sasa, imejaa kopo. Mikono yangu ina nguvu za kutosha, nilishaihisi pete ikilegea kidogo. Sijui nikiifungua nitamtoa au nitammwaga.

Na ukungu, juzi, ulichelewa kurudi.