Bakuli Lililosukumwa

Bao Ruolan alikutana na Qiao Jingtang kwa ugomvi, na ukiwajua hao wawili hutashangaa kwamba mpaka leo hawajui kupendana kimyakimya.

Ilikuwa asubuhi ya mvua kwenye kituo cha mabasi cha Tangkou, mji mdogo ulio chini ya mlima Huangshan, ambako kila anayetaka kupanda mlima lazima ashuke, apange foleni na apandwe na hasira. Watalii walikuwa wamebanana, wote wamejivika makoti ya nailoni ya njano na ya waridi. Ruolan alipenya katikati yao na ndoo ya samaki wa nyumbani kwao, wale wa kuvundikwa kwa chumvi ndani ya pipa la mbao, ambao harufu yao hutangulia na wenyewe wakafuata. Alivaa aproni ya buluu iliyopauka, suruali kaikunja hadi magotini, nywele kazibana utosini kwa kijiti cha kulia chakula. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye koti la kijani, kibendera mkononi na kipaza sauti kidogo kiunoni. Kijana akanusa, akageuka, akawatangazia watu wake:

"Wageni wangu, msiogope! Ni choo cha kituo kimeziba. Tusogee kidogo upande huu."

Ruolan alitua ndoo chini. "We mwenye bendera! Umewaita samaki wa baba yangu choo?"

"Samaki? Aa, dada, samahani, mimi nilidhani..."

"Kwenu wapi?"

"Shanxi."

"Ndiyo maana. Mnamwagia siki kila kitu mpaka pua zimekufa!"

Watalii wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, kicheko chake kikajaa kituo kizima. Ruolan alitaka kuendelea kununa, akashindwa.

"Basi nionjeshe, dada," kijana akasema. "Nikifa, bendera utaishika wewe."

Mchana akaja kweli, akiwaongoza watalii wake hadi mgahawa wa Mzee Bao, ule wenye meza za mbao nyeusi kando ya kijito. Samaki akaletwa, amekaangwa kisha akachemshwa kwa mchuzi wa soya, tangawizi, pilipili na vipande vya machipukizi ya mwanzi. Jingtang aliziba pua, akachota kipande kwa vijiti, akatafuna. Nyama ikaachana vipandevipande, laini, yenye ladha nzito ambayo hakuitarajia. Akaachia pua. Akachota tena.

"Unasemaje?" Ruolan akauliza, mikono kiunoni.

"Ngoja kwanza, dada. Nakula."

Hapo ndipo Ruolan alipoanguka mapenzini, ingawa alikana kwa miezi miwili mizima.

Kumpenda mwongoza watalii ni mateso, na hilo hakuna aliyemwonya. Jingtang alikuwa mali ya wageni wake tangu alfajiri. Wakitaka kwenda haja, ni yeye. Wakipoteza kofia, ni yeye. Akimpigia Ruolan simu, kulikuwa daima na mtu nyuma yake anamwita.

"Lan wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nitakula wageni wakishakula."

"Na kuoa utaoa lini, wageni wakishakufa?"

"Usinikate maini, mpenzi. Mwezi huu naja kwenu. Nakuja na shati jeupe, utaona."

Akaja na hilo shati jeupe, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na viatu vipya vilivyombana. Nyumbani kwa akina Bao, mwanamume akija kumtaka binti, mama wa nyumba ndiye anayetoa jibu, na hatoi kwa mdomo. Akimkataa, humletea chai kavu. Akimkubali, kabla ya chakula chochote humwekea bakuli la mayai yaliyochemshwa bila maganda katika maji ya sukari. Kijana akiyala, mambo yamekwisha, mnaanza kutafuta siku. Hakuna anayelieleza jambo hili, kwa sababu hakuna asiyelijua.

Ruolan hakulala vizuri wiki nzima kwa kuiogopa chai. Siku yenyewe alisimama mlangoni mwa jiko, kucha mdomoni. Mama akapita mbele yake bila kumtazama, amebeba bakuli linalofuka mvuke, na ndani ya bakuli mlikuwa na mayai. Machozi ya furaha yakamlenga.

Jingtang aliliona bakuli. Aliona pia kwamba mbele ya Mzee Bao hakukuwa na kitu. Kwao Shanxi, kijana anayetia kitu kinywani kabla ya mzee hana malezi, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kuwa wa mwisho kula kila siku ya Mungu. Basi akalishika bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akalisukuma hadi kwa mzee.

"Baba, karibu," alisema, uso umejaa tabasamu.

Mama Bao aligeuka akarudi jikoni. Mzee Bao alilitazama bakuli kwa muda, akaliweka kando, akauliza kama huko kaskazini mvua zimenyesha. Samaki akaja, paja la nguruwe la kukaushwa likaja na machipukizi ya mwanzi, tofu ya soya iliyoachwa ikaota ukungu kama manyoya ikaja imekaangwa ikawa rangi ya dhahabu, na mezani pakazungumzwa mvua, mvua, mvua. Ruolan alisimama palepale mlangoni. Mwanamume wake alikuwa amemrudisha kwa wazazi wake mchana kweupe, tena akicheka.

Jioni simu ikalia.

"Lan, mbona hukuja kuniaga?"

"Umeridhika sasa?"

"Nimefanya nini?"

"Hujui?"

"Sijui! Baba yako kaninunia, mama yako hakutoka tena. Nimefanya nini?"

"Kama hujui, mimi sina la kukuambia."

Akakata. Jingtang akapiga tena, hakupokea. Siku mbili baadaye Ruolan alipopiga mwenyewe, Jingtang alikuwa chini ya mwamba usio na mtandao, na Ruolan akahesabu kwamba naye hataki kupokea. Nikiwafikiria wawili hawa natamani kuwakamata masikio. Sentensi moja tu ingetosha, na kila mmoja alikaa akiingojea kwa mwenzake.

Zikaingia sikukuu za Oktoba, wakati ambao nusu ya China inakumbuka kwamba haijapanda Huangshan. Mgahawa ulifurika mpaka watu wakawa wanakula wamesimama. Ruolan alikuwa amebeba sinia mikono miwili simu ilipotikisika mfukoni. Akaliegemeza sinia kiunoni, akaitoa. Ilikuwa sauti ya Jingtang, imerekodiwa, kwa nyuma upepo unavuma.

"Ruolan, nimeona kwenu hawanitaki. Sikulaumu. Leo nashusha kundi langu la mwisho, na jioni napanda treni. Mjomba amenipatia kazi Datong, kule kwetu. Ujitunze."

Alisikiliza tena, sinia likiwa bado mkononi. *Kwenu hawanitaki.* Hawamtaki nani? Aliyesukuma bakuli si yeye? Damu ikampanda Ruolan kichwani. Huyu mtu hajui! Anaondoka zake na wala hajui!

Akapiga. *Namba unayopiga haipatikani.* Mlima mzima ulikuwa unapiga picha na kuzituma, mtandao ulikuwa umelemewa. Akapiga tena. Akatua sinia kwenye meza ya kwanza iliyokuwa mbele yake, kwa watu ambao hawakuagiza kitu hicho.

"Ruolan!" Baba alimwita kutoka jikoni. "Wapi? Meza zote zimejaa!"

"Zijae!"

Foleni ya basi ilikuwa imezunguka kituo na kutokea barabarani. Alisimama. Wa mbele yake walikuwa wamepoteza tiketi wakaanza kufungua mabegi. Basi likaja, likajaa, likaondoka. Jingine likaja, dereva akashuka kunywa chai. Juu, kwenye gari la waya linaloning'inia, foleni nyingine, na humo ndani akabanwa dirishani na baba mwenye mtoto anayetapika. Alipiga simu mpaka simu ikawa moto. *Haipatikani.* Aproni bado kaivaa, na ananuka samaki, watu wakimpisha kidogo, hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoipata siku ile.

Alimkuta kwenye ngazi za mawe, karibu na msonobari ambao kila mtu lazima apige nao picha. Alikuwa anawapanga wastaafu wa kutoka Anqing, wote wenye kofia nyekundu, wake kwa waume.

"Jingtang!"

Jingtang aligeuka. Alikuwa amekonda, na ndevu hakunyoa. "Ruolan? Umefikaje..."

"Kwa hasira! Unaondoka?"

"Nikae nifanye nini? Nimekuja kwenu na shati jeupe, nimeambiwa habari za mvua!"

"Kwa sababu ulisukuma bakuli!"

"Bakuli gani?"

"La mayai! Mama amekupikia mayai, ukayasukuma!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kofia nyekundu zote ziligeuka.

"Alisukuma mayai?" bibi mmoja mwenye miwani akauliza. "Ya mama mkwe?"

"Yote, bibi! Mbele ya baba yangu!"

"Yuuu!" bibi akashika kifua. "Kijana, una wazimu?"

"Nilimpa mzee!" Jingtang alipiga kelele, uso umemwiva. "Kwetu mkubwa ndiye anaanza! Nilikuwa namheshimu! Nani aliniambia kwamba mayai ni jibu? Lan, wewe uliniambia?"

"Nani asiyejua?"

"Mimi! Mimi sijui! Mimi ni mtu wa Shanxi, ulinijua tangu siku ya kwanza! Nimekupigia mara ngapi nikikuuliza nimefanya nini? Ukanijibu 'hujui?' Sijui! Ningejua ningekula hata na bakuli lenyewe!"

Kwa wiki tatu Ruolan alikuwa amelia kwa kosa ambalo yeye angeweza kulifuta kwa neno moja, na hakulisema kwa sababu alitaka mwenzake alijue mwenyewe. Aliona aibu.

"Niliumia," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani umenirudisha."

"Nikurudishe? Kwa akili gani? Mimi nilikuja kukuomba uwe mke wangu, nikarudi na taarifa za hali ya hewa." Akafuta uso kwa kibendera. "Bado nakuomba. Hata sasa, hata ukinifokea hivi."

"Kubali, binti," bibi wa miwani akasema. "Sisi tunasikia baridi."

"Mimi nimeshakubali zamani," Ruolan akasema, huku akilia. "Kazi iko nyumbani. Kwetu bakuli lile halipikwi mara mbili."

Jingtang aliwageukia wastaafu wake kuwaeleza kwamba ratiba ni kuteremka kwenda moja kwa moja kwenye basi la Anqing. Wakakataa kwa pamoja. Walisema wana njaa, wanataka samaki, na wanataka kuona mwisho wake.

Mgahawani hapakuwa na nafasi ya kutia mguu. Mzee Bao alitoka jikoni na kisu mkononi, jasho likimtiririka, akamwona binti yake, akamwona na aliye nyuma yake, na nyuma ya huyo safu ya kofia nyekundu.

"Umeniacha na watu wote hawa," akasema, "ukaenda kumfuata huyo?"

"Baba," Jingtang akaanza, "siku ile sikujua. Kwetu mkubwa..."

"Sikukuuliza."

Mama Bao naye akatokea, akipangusa mikono. "Mimi mayai yangu yalirudi," akasema. "Simpikii mtu mara mbili. Hata mama yangu hakuwahi, hata bibi yangu."

"Usimpikie, Mama," Ruolan akasema. Sauti hakuishusha, na meza zilizo karibu zikaacha kula. "Sikuja kuomba mayai. Wewe uliliangalia bakuli, Baba akaliangalia bakuli, na mimi mwenyewe nikaliangalia mpaka leo nusura nimkose. Mimi je? Nimesimama mlangoni siku nzima ile, hakuna aliyenitazama. Nimerudi na uchungu wangu chumbani, wiki tatu, hakuna aliyegonga. Ni mimi ninayeolewa, na hapa nyumbani bakuli limeulizwa, mimi sikuulizwa."

Mzee Bao alikitua kisu mezani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache alikuwa amezoea kuyatumia kwa samaki. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu.

"Ungesema siku ile," mzee akasema taratibu.

"Hamkuuliza, Baba."

"Basi nakuuliza, mwanangu. Huyu unamtaka?"

Ruolan, aliyepiga kelele mlima mzima tangu mchana, sasa aliitikia kwa kichwa tu. Akaona haitoshi, akamshika Jingtang mkono mbele ya wote.

"Namtaka, Baba."