Bibi Harusi Aliniita Wifi Nikiwa Nang'arisha Rimu Zake

Nina miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja wa kike, Neema, naishi Ngokolo hapa Shinyanga mjini. Mikono yangu inanuka polishi hata siku ya ibada. Ninayowasimulia bado yananichoma... Msinionee huruma, nisikilizeni tu.

Masunga, baba yake Neema, tulikutana tukiwa vibarua wa kuosha magari Kambarage. Tukaanza kuishi pamoja bila ndoa, bila mahari. Kila nilipomkumbusha alisema tujijenge kwanza. Nami nikajenga!

Kuosha gari kila mtu anaweza. Mimi nilijifunza kuondoa mikwaruzo midogo kwenye rimu za spoti. Rimu hizo zina tabaka jembamba juu yake, linang'aa kama kioo. Mchanga na brashi ngumu huacha humo michirizi myembamba kama nywele. Mwenye haraka huchukua msasa, tabaka linatoka, rimu inapauka kama mgonjwa. Mimi naosha kwanza vumbi jeusi la breki, nakausha kivulini, halafu nasugua polishi laini kwa kitambaa, taratibu, bila nguvu, mpaka michirizi ipotee. Ni kazi ya subira. Ndiyo iliyowafanya wafanyabiashara wa dhahabu wa Geita waanze kuniletea magari yao.

Masunga akasema aende Geita akafungue sehemu yetu ya pili ya kuoshea magari, kwani wenye magari wako kule. Mashine ya kuoshea nilimpa mimi. Ng'ombe tuliowanunua kwa jasho langu tukawaacha kwa mama yake, kule Kolandoto. Moyoni nilijua wale ndio watakaopelekwa kwetu siku ya mahari yangu...

Mwanzoni alikuja kila wiki. Baadaye kila mwezi. Baadaye simu tu. Nikiuliza, wateja wamezidi. Ningemshuku vipi, wakati magari aliyoniambia anayatuma yalikuwa yanafika kweli?

Ijumaa moja asubuhi alipiga simu. Akasema dereva analeta gari jeupe la watu wake muhimu, lina harusi Jumapili, na rimu zimekwaruzwa kwa brashi. Akanisihi nizifanye kwa mkono wangu mwenyewe, nisimwachie mtu. Nilifurahi, mjinga mimi! Nilidhani ananisifia.

Gari lilifika. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma niliposikia mlango unafunguliwa. Akashuka msichana mwenye hina mpaka kwenye viwiko. Alinijia taratibu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, wifi."

Nilidhani amenifananisha. Nikamuuliza, "Wifi yako nani, mdogo wangu?"

"Si wewe dada yake Masunga? Ndiye ananioa Jumapili. Alisema unauguza mtu, hutaweza kuja, ndiyo nikapanda gari bila kumwambia, nije nikusalimie mwenyewe."

Wasomaji wangu... mmewahi kusikia masikio yakiziba mchana kweupe? Niliona mdomo wake unaendelea kusema, sisikii kitu. Dada yake! Mwanaume niliyelala naye na kumzalia, kule Geita alikuwa ananitaja kama dada yake. Na gari la harusi yake akalileta kwangu, kwa sababu hakumjua mwingine wa kulifanya vizuri!

Msasa ulikuwa kwenye ndoo, karibu na goti langu. Nikisema sikuutazama nitakuwa mwongo. Dakika chache tu zingetosha kuziua rimu zile. Lakini binti yule alinitazama kwa upendo, kama ndugu. Alikuwa amenikosea nini?

Nikamwambia, "Mimi si dada yake. Nina mtoto wake, anasoma shule hapo chini."

Aliketi juu ya tairi kuukuu. Alilia mpaka dereva akaja kuuliza kuna nini, naye akamjibu ni vumbi. Nilitegemea atanitukana, au atampigia Masunga simu. Hakufanya hivyo. Alijifuta machozi kwa kanga, akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, naomba umalizie. Wageni wameshafika. Baba yangu ameshapokea ng'ombe."

Nikauliza ng'ombe gani. Akasema waliletwa na mama yake Masunga, kutoka Kolandoto...

Nilimalizia kazi. Hadi leo sijui kwa nini. Mikono ilisugua yenyewe. Rimu ziling'aa mpaka nikaona uso wangu ndani yake, nikaugeuzia pembeni.

Masunga hakupokea simu. Nikaenda Kolandoto, nikakuta zizi tupu. Mama mkwe alinipa maji ya kunywa, akaniita mama kwa Kisukuma, akaongea bila kunitazama usoni.

"Mayu, mwanaume hachungwi. Na wewe hakuna aliyekutolea hata kuku."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliuma.

Jumapili ile wakaoana. Baada ya harusi nikafunga safari kwenda Geita kudai mashine yangu. Nilijiandaa njia nzima, nitasema hivi, nitasema vile. Nilipofika, Masunga alinipokea mbele ya wateja wake, anatabasamu, akawaambia, "Msalimieni dada yangu wa Shinyanga."

Wakanisalimia kwa heshima. Nami... nikaitikia! Kwa aibu hata mashine sikuitaja. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sehemu ile imeandikwa jina lake, mashine haina jina la mtu, na ng'ombe wako kwa wakwe zake.

Bado nafanya kazi Kambarage. Magari ya Geita siku hizi hayaji. Neema ananiuliza baba anarudi lini, nami namjibu sijui, maana simlishi mwanangu uongo niliolishwa mimi.

Dada zangu, mapenzi hayakatazwi. Lakini kabla hujampa mtu nguvu zako, nenda anakoishi. Kaa naye mbele ya watu wake, usikie anakuita nani. Asipokuita mkewe, beba vyako uondoke ukiwa bado na cha kubeba. Msisubiri bibi harusi ndiye aje kuwaambia.