Mfano wa Casimir

Siku waliyojuana, walijuana kwa kugombana. Umeme ulikuwa umerudi mjini, na wanafunzi wa sheria walijazana kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko la Kalemie, kila mmoja akitaka nakala ya somo. Syntiche alikuwa kwenye foleni, kikwembe cha manjano kiunoni, nywele zimesukwa jana yake, jua likimchoma shingo. Kijana mrefu mwenye shati jeupe akapita mbele yake kama haoni mtu.

"Papa, mustari unaanzia kule nyuma."

"Mimi nilikuwa hapa tangu zamani, mama."

"Zamani gani? Mbele ya mimi kuzaliwa?"

Watu wakacheka, na kijana, Casimir, akarudi nyuma. Jioni alimpigia simu. Namba aliipata kwa nani, hakusema. Tangu hapo wakasoma pamoja, wakiitana sheri, yaani mpenzi, mbele ya watu na mukaidi wakiwa wawili.

Somo lenyewe lilikuwa sheria ya amana: mtu anashika mali kwa jina lake, lakini mali ni ya wengine, na akiila ana makosa. Profesa Adalbert alitoka mbali kuja kulifundisha. Mtihani ulikuwa wa mdomo, mbele ya darasa zima, na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mfano wa maisha.

Zamu ya Casimir ilipofika, mifano aliyoitayarisha ikamtoka kichwani. Akadaka uliokuwa karibu.

"Kuna muzee mumoja wa mutaa wa Kituku, mutumishi wa reli," akasema. "Ndugu yake alikufa, akaacha muke na watoto. Muzee akaandikisha nyumba ya marehemu kwa jina lake, eti anawalindia. Miaka inapita, harudishi. Ule ndiye mushika amana mwizi."

Profesa akafurahi, akampa kumi na saba kwa ishirini. Kule nyuma, Syntiche akaacha kuandika. Mzee wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na nusu ya darasa walimjua: Papa Barthélemy, baba yake mkubwa. Na hakuwa mwizi hata kidogo. Baba yake Syntiche alipokufa, ukoo ulikuja na magodoro ukitaka kumtoa mjane. Papa Barthélemy ndiye aliyesimama mlangoni, akaandikisha nyumba kwa jina lake ili mtu asiiguse, akaahidi kuirudisha siku Syntiche atakapomaliza chuo. Sasa mtoto wa watu anamuuza mzee huyo kwa pointi.

Neno halilali Kalemie. Kabla ya saa ya kula, mzee alishasikia, na akamtumia mama yake Syntiche, Mama Léontine, ujumbe mfupi: kama mimi ni mwizi, basi mutafute pengine pa kukaa.

Simu ya Casimir iliingia mama akiwa bado analia.

"Sheri, ulisikia pointi zangu?"

"Usiniite sheri. Baba mukubwa anatufukuza nyumbani."

"Lakini sikutaja jina."

"Ulitaja Kituku, ulitaja reli, ulitaja nyumba. Ulibakisha nini, kumubeba umulete?"

"Neno mwizi ni lako, Syntiche. Ulikuwa na hasira, ukasema ule muzee ni mwizi, hatatoa nyumba. Mimi nilirudilia."

"Nilikuambia wewe. Sikuambia darasa."

Akakata. Alitamani kuitupa simu ukutani. Alimchukia Casimir kwa kusema uongo darasani, na akamchukia zaidi kwa kusema kweli kwenye simu.

Kesho yake Casimir, bila kuuliza mtu, akaenda Kituku peke yake, kuku mweupe kwapani. Mtoto wa mjini huyu. Kijana kufika kwa baba wa binti na kuku, kama anayeposa, bila mkubwa wa kumsemea, ni tusi juu ya tusi. Mama Léontine alikuwepo, amekwenda kusihi, na ndiye aliyemsimulia bintiye.

"Hii kuku ni ya nini?" mzee aliuliza. "Jana niko mwizi, leo niko baba mukwe?"

"Ni ya kuomba musamaha, Papa."

"Jina langu haukuliharibia hapa. Uliliharibia darasani. Urudi kule, nitakuja kusikia. Na kuku yako urudi nayo."

Mama alipomaliza kusimulia, Syntiche akacheka kwa uchungu. "Hatathubutu. Anapenda pointi zake kuliko mutu."

Siku ya mwisho ya mitihani, Papa Barthélemy aliingia darasani na kostimu, suti yake ya kahawia, akaketi nyuma, kofia magotini. Casimir akasimama bila kuitwa.

"Profesa, mufano wangu ulikuwa uongo. Ule muzee hajaiba. Aliwalinda mujane na watoto. Nilimufanya mwizi juu ya kupata pointi."

"Basi pointi hizo huna tena," akasema profesa. "Tutaonana sesheni ya pili, utarudia mtihani."

Papa Barthélemy akainuka. Hakumwangalia Casimir. Alimwangalia Syntiche.

"Ule amesema lake. Wewe, lako utalisema siku gani?"

Kumbe alijua. Ni nani mwingine angempa kijana habari za ndani ya nyumba? Syntiche alikuwa na hasira na mzee, na Casimir, na macho yote yale, lakini zaidi na mdomo wake mwenyewe. Akaenda, akapiga magoti mbele ya mzee, saruji ikimuumiza.

"Baba, neno mwizi lilianzia kwangu."

Mzee akaweka kofia kitini. Kisha akamshika mkono, akamwinua.

"Mama yako asifunge vitu," akasema. "Nyumba ni yenu, na ilikuwa yenu siku zote."

Akavaa kofia. Mlangoni akasimama mbele ya Casimir, akampima juu mpaka chini.

"Na wewe. Baba yake alikufa. Anayepokea wakwe ni mimi, huyuhuyu mwizi. Yenga, siku ya Mungu, ukuje na wakubwa wako. Mimi nitakuuliza, na wewe utajibu."