Aliyesimama Nyuma ya Mhubiri

Fundi miwani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona jambo hilo, kwa sababu kazi yake ilikuwa macho ya watu. Alijua jicho linavyokaa likitazama mbali, na linavyovutwa kuelekea pua likitazama kitu cha karibu. Siku ile, nje ya kituo cha mabasi, alikuwa akimweleza muuza mayai habari za Yesu. Macho ya muuza mayai yakahama usoni pake, yakapanda hadi bega lake la kushoto, yakatua hapo. Hayakwenda mbali. Yalitazama kitu kilichokuwa karibu kiasi cha kuguswa. Na shemeji yake, aliyekuwa nyuma akiomba, alisimama mbali kidogo, tena upande wa kulia.

"Nipo tayari," alisema muuza mayai, machozi yakimlengalenga. "Niongoze sala."

Fundi miwani hakugeuka. Walikuwa na kanuni yao: mmoja hunena, mwenzake husimama nyuma akiomba kimya, na anayenena hageuki kamwe, maana akigeuka yeye msikilizaji naye hugeuka, na neno lote huishia njiani. Kanuni hiyo aliiweka mkewe, enzi hizo walipokuwa wakihubiri mitaani wawili. Mke alipofariki, kaka yake, fundi cherehani mwenye maneno mengi, alijitolea kushika nafasi yake.

"Dada hawezi kuacha pengo hivihivi, shemeji," alisema. "Nitasimama mimi."

Mwanzoni walivuna upepo. Aliokoka mtu mmoja tu, mlevi, ambaye alipomaliza kusema amina aliomba nauli. Shemeji alizoea kusema, "Tumemwokoa mmoja, na huyo naye tumempakia basi." Kisha, ghafla, watu wakaanza kusimama. Wapagazi waliweka mizigo chini. Wanafunzi walivua vipokea sauti masikioni. Wote walilia, na wote walitazama bega la kushoto. Hewa nayo ilibadilika: kila mtu alipoinamisha kichwa kusali, fundi miwani alisikia harufu ya sabuni ya hospitali juu ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Ndipo siku moja akasimama mwalimu mstaafu aliyevaa miwani ya vioo vikubwa. Fundi miwani, huku akiendelea kunena, alijiona mdogo ndani ya vioo vile, na nyuma yake, kidevu kikikaribia kugusa bega, alimwona mwanamke aliyeinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Alimjua. Mkewe alisikiliza hivyo miaka yao yote ya ndoa.

Hapo ndipo alipopaswa kuogopa. Lakini mfiwa hana nafasi ya woga. Kesho yake alifunga duka mapema, na kesho kutwa vilevile, akaenda mtaani kuwatafuta wasikilizaji wenye miwani. Injili aliinena kwa mdomo tu. Moyo ulikuwa kwenye vioo.

Kisha mke wa fundi baiskeli mmoja akaingia dukani kwake bila kubisha hodi.

"Mwinjilisti, mmemfanya nini mume wangu?"

"Kwani vipi, mama?"

"Mume wangu ni mtu wa kelele. Hata usingizini hugombana na tairi. Tangu mlipomsalisha kule kituoni haneni wala hali chakula. Amegeuza kiti, anatazama kona ya ukuta. Mimi nilitaka apate wokovu, sikutaka anipotee!"

Walikwenda pamoja. Ulikuwa mchana mweupe, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira nje, lakini ndani ya chumba kile kelele zao zilifika zimefifia, kana kwamba mtu ameziba mlango kwa blanketi. Fundi baiskeli aliketi, magoti yake yakigusa ukuta. Alikuwa akitabasamu.

"Ndugu," fundi miwani alinong'ona, "siku ile ulimpokea nani?"

"Yeye."

"Yesu?"

Fundi baiskeli alikunja uso, kama mtu aliyetajiwa mgeni. "Yule mama aliyesimama nyuma yako. Anasema nimngoje hapa. Ana nyumba nyingi za kuzungukia. Tuko wengi sasa."

Na kutoka kwenye kona ile tupu, ambamo hata buibui hakuwamo, kikaja kikohozi kikavu, kifupi, mara mbili, kikohozi ambacho fundi miwani alikuwa amekisikiliza kitandani pake usiku baada ya usiku, mpaka kikanyamaza.

Alimkuta shemeji yake akishona. Cherehani ilisimama, ila mguu uliendelea kutikisika kwenye kanyagio.

"Shemeji, nani anasimama nyuma yangu?"

"Roho wa Bwana, shemeji. Nani mwingine?"

"Roho wa Bwana hakohoi."

Shemeji aliinama.

"Nilichoka kupitwa kama nguzo ya taa," alisema. "Kanisani walitucheka. Nikaenda kwa mtu anayefuga majini. Nikamwambia nataka watu wasimame tu, mengine Mungu atamalizia. Akasema jini haliwezi kusimama mbele za watu bila sura. Na sura lazima iwe ya mtu ninayempenda kwa dhati, la sivyo haishiki."

"Ukampa ya dada yako."

"Alishakufa! Niliona hana cha kupoteza."

"Na mimi? Ulikuja kwangu, tukalia pamoja, ukanishika mkono. Kumbe unajua anakotembezwa?"

Shemeji alikata uzi kwa meno.

"Linaondokaje?"

"Anayemlilia kuliko wote amkane, uso kwa uso." Shemeji aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Nilijua hutaweza. Ndiyo maana nilikubali."

Fundi miwani alimtazama mtu huyo aliyekuwa amebeba jeneza pamoja naye. Alimshika mkono, wakaenda kituoni.

Alisimama mahali pake pa siku zote. Hakumsimamisha mtu yeyote. Alinena peke yake, kwa sauti ndogo, mpaka harufu ya sabuni na udongo ikaja, na shingo yake ikapata baridi upande wa kushoto, na makelele ya wapiga debe yakazama taratibu kama jiwe kisimani, na hapo, huku miguu ikimwambia akimbie na moyo ukimwambia abaki vivyo hivyo hadi mwisho wa maisha yake, akiihisi pumzi sikioni mwake bila kuona sura, aligeuka.

Alikuwa yeye, hadi kovu dogo juu ya nyusi.

"Mume wangu," alisema. "Si tulikubaliana hutageuka?"

Sauti ilikuwa ileile, haikupungua kitu.

"Mke wangu nilimfumba macho kwa mkono huu," alisema. "Wewe sikujui."

Macho yale yakajaa machozi, ya kweli au ya kuazima, na sura ikateleza kama kitambaa kinachovuliwa kichwani. Chini yake hapakuwa na kitu, ila lami na jua. Alipomtafuta shemeji yake, alikuwa amekwisha kutoroka.

Jioni ile fundi baiskeli aliuliza kwa ukali nani amegeuza kiti chake, akadai chai. Fundi miwani alirudi kwenye nyumba yake kimya. Alijaribu kumkumbuka mkewe, na kila alipomwona, alimwona akikanwa.

Wiki kadhaa zilipita. Mke wa fundi baiskeli alikuja kupimwa macho, akiwa amejaa shukrani.

"Ila nina neno nawe, mwinjilisti," alisema akiketi. "Kazi ya Mungu haitaki kiburi. Asubuhi nimekusalimu kule sokoni, umenipita kwa macho kama hunijui."

"Asubuhi nilikuwa hapa, mama."

"Usinitanie! Shemeji yako anahubiri, watu wamejaa hadi barabarani, wanalia kama msibani. Na wewe umesimama nyuma ya bega lake, kimya. Nikafurahi, nikasema hawa wamepatana." Alicheka, akapangusa macho kwa kiganja. "Na anavyokusifu! Anawaambia watu kwamba baada ya dada yake, hajampenda mtu duniani kama wewe."

Fundi miwani alishika ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze, aliamini kila neno la shemeji yake.